Samaki wa Bwana Wadlow

Saint Paul, Minnesota
14 Novemba 2011

Mpendwa mdogo wangu Verlyn,

Nakusalimu wewe na wifi Jolene, na watoto Kelsey na Anders. Kabla ya yote nataka kujua habari za mgongo wako, kama zile sindano zimesaidia au bado unalala kwenye kiti. Na mvua za Ketchikan, zimewaachia hata siku moja ya kuanika nguo? Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, ambayo huanza kulalamika kabla theluji haijaanguka. Juzi ilianguka. Niliiondoa mlangoni kwa koleo mwenyewe, na jirani akanigombeza kupitia dirishani kwa ishara za mikono.

Mama yako, Mama Mdogo wangu, hajambo. Macho ndiyo yamekwisha, anaona mwanga na kivuli basi, lakini masikio na kichwa bado viko kazini. Kila Jumatano nampelekea supu ya mchele mwitu kule kwenye nyumba ya wazee. Husema haina chumvi, halafu huimaliza.

Sasa, kadi yako. Umeniandikia kwamba uliiona picha ya mama kwenye gazeti alilokutumia Maxine, ameshikwa mkono na mzee mwenye fimbo, na machozi yakakutoka. Unaomba anwani ya mzee huyo ili umshukuru kwa ukarimu wake kwa familia yetu. Niliiweka kadi mezani nikaenda kuosha vyombo. Niliporudi nikaisoma tena, ilikuwa bado imeandikwa vilevile.

Nilikusudia nisikujibu. Kisha nikakumbuka kwamba ulikuwa darasa la nne dada yako Corinne alipofariki, na baba yako alikataza usiambiwe zaidi ya kwamba aliugua huko ng'ambo. Baba yako sasa hayupo, na mama yako amenipa ruhusa. Anwani sikupi. Nitakupa habari yenyewe, na ukimaliza kuisoma, kama bado una shukrani, Maxine atakuelekeza.

Unajua kwamba mimi na Corinne tulikwenda Nepal pamoja kujitolea, mimi nikafundisha shule karibu na barabara, yeye akawa muuguzi kijijini juu kabisa, mwendo wa kutwa kwa miguu. Shirika lililotupeleka halipo tena siku hizi. Mkurugenzi wake kule alikuwa kijana mrefu wa kutoka Chicago, hodari wa kuongea, jina lake Prentiss Wadlow. Ofisi ilikuwa na gari moja. Tuliambiwa tangu siku ya kwanza kwamba gari lile ni la wagonjwa kabla ya jambo lingine lolote.

Corinne alishikwa na kidole tumbo. Alikuwa muuguzi, alijua ni nini, na aliwaambia wenyeji wake wasimpe chochote ila wamshushe barabarani upesi. Wanaume wa kijiji walimbeba kwa machela, na mkunga aliyekuwa akifanya naye kazi, Purnamaya, alitembea ubavuni mwake njia nzima akimfunika na shali yake. Mimi nililetewa habari shuleni, nikakimbilia kituo cha polisi, wakapiga simu ofisini. Karani akajibu kwamba gari limekwenda mtoni na mkurugenzi, ana wageni kutoka Marekani, wanavua samaki.

Karani yule alikuwa mtu mzuri. Alipanda baiskeli akawafuata mpaka mtoni. Yeye mwenyewe ndiye aliyenieleza baadaye, akilia, kwamba Bwana Wadlow alimsikiliza mpaka mwisho, akasema wasichana wakiharisha kidogo hudhani wanakufa, na kwamba watakuja wageni wakimaliza.

Tulimngoja kwenye kibanda cha chai kando ya barabara. Hospitali ilikuwa mbele tu, kwa gari ungefika kabla chai haijapoa. Mabasi yalikuwa hayapiti siku ile, na hatukumbeba tena kwa kuwa kila dakika tulidhani gari linakuja. Corinne alituliza watu wote, akaniuliza kama wanafunzi wangu wamejifunza kuimba ule wimbo wa paka. Baadaye hakuuliza kitu. Alifia kwenye benchi la mbao, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Purnamaya.

Gari lilipokuja halikuja kwa ajili yetu. Walisimama kunywa chai. Wageni waliteremka wakicheka, na nyuma ya gari kulikuwa na samaki wakubwa wamefunikwa majani mabichi. Bwana Wadlow alipotuona alivua kofia. Nadhani ndicho kitu pekee alichofanya sawasawa siku hiyo.

Telegramu aliyowapelekea wazazi wako ilisema maradhi ya ghafla. Corinne akazikwa hukohuko, kwenye makaburi ya wamisionari, kwa sababu kumleta nyumbani ilikuwa shida. Mimi niliporudi niliketi jikoni kwenu na kuwaambia wazazi wako kila kitu, gari, mto, samaki, jina la mtu. Baba yako aliinuka akaenda kukamua ng'ombe. Mama yako alibaki, akanitaka nirudie tangu mwanzo.

Hayo ni ya zamani. Sasa nije kwenye makumbusho.

Maxine Oberg unamkumbuka, yule mnene mwenye kicheko, aliyejitolea Ufilipino. Wazo lilikuwa letu sisi wawili. Tulisema watu wa hapa walikwenda dunia nzima wakiwa vijana, wakachimba visima, wakafundisha hesabu, wakazalisha wanawake, na sasa wanakufa mmoja mmoja, na watoto wao wanatupa masanduku yao jalalani. Tulitaka pawe na nyumba ya kuhifadhi yale yote.

Sijui kama kuna ukumbi wa chini wa kanisa katika mji huu ambao hatukupanga meza zetu. Tumekaanga chapati za maji asubuhi za Jumapili, tumeuza lefse, ile mikate ya viazi, kabla ya Krismasi, tumewaandikia wabunge, tumebeba ngoma na vikapu na picha kwenye gari langu mpaka mlango wa nyuma ukakataa kufunga. Watu walikula, wakatusifu, wakaenda zao. Miaka kumi na zaidi, Verlyn. Wengine katika kamati walikufa tukiwa bado tunatafuta jengo.

Maxine ndiye aliyekwenda kwa mama yako kuomba vitu vya Corinne. Mama alimpa buti zake, sare yake ya uuguzi, ile shali ya Purnamaya, na kinanda kidogo cha mdomo. Maxine alipiga magoti mbele ya kiti chake na kumwahidi kwamba habari ya Corinne itasimuliwa kama ilivyokuwa. Nilikuwepo. Nilimpenda Maxine siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote.

Kisha mwaka jana akatokea mfadhili. Maxine alinipigia simu sauti ikimtetemeka kwa furaha. Tajiri wa vyakula vya kugandisha, mwenyewe alipata kuwa ng'ambo enzi hizo, atatupa ghala la zamani la unga karibu na mto na kulitengeneza lote. Nikauliza jina. Aliponitajia, nikamwambia asubiri kwanza, nikakaa sakafuni.

Nilidhani hajui. Nilikwenda kwake siku ileile kumweleza. Alinimiminia kahawa, akanisikiliza kwa adabu, akasema anajua. Alikuwa amekwisha kuonana na mzee huyo mara mbili.

"Sasa Arlys, unataka tufanyeje?" akaniuliza. "Turudi kukaanga chapati za maji mpaka tuzikwe?"

Nikamwambia sikatai jengo. Achukue jengo, achukue na mabati yake, lakini yaliyotokea yaandikwe. Maxine akasema kwamba mzee hakuweka sharti lolote. Amesema tu kwamba makumbusho ni mahali pa kuinua mioyo ya watu. Nikamwuliza hilo kama si sharti ni nini. Akaniongezea kahawa ambayo sikuiomba.

Sikujitoa wakati huo. Nilibaki kwenye kamati nikidhani nitaipigania sentensi moja tu, kwenye kibao cha maelezo cha kabati la Corinne. Kumbe wao walikuwa na mpango wa karamu.

Ilikuwa mwezi wa Aprili, chakula cha hisani kwenye hoteli, vitambaa vyeupe, samaki wa kuoka, ndiyo, samaki. Mimi nilikwenda kwa sababu nilipewa kazi ya kupokea makoti. Nikiwa pale mlangoni, nikamwona mama yako anaingizwa kwa kiti cha magurudumu, amevaa kifuani ile broshi yake ya fedha ya harusi. Maxine alikuwa amemwalika bila kunigusia. Amempelekea gari hadi mlangoni, na dereva mwenye glavu. Safari hii gari lilipatikana.

Nilimwinamia nikamwuliza, Mama Mdogo, unajua ni nani anatoa pesa za hapa? Akasema anajua, Maxine amemsomea mwaliko. Nikamwuliza basi amefuata nini. Akaniambia nimpeleke mezani, anasikia njaa. Nikampeleka, nikaketi naye.

Maxine alisimama mbele ya watu. Picha ya Corinne ilijaa ukuta mzima, ile aliyocheka amefumba jicho moja kwa jua. Maxine akaeleza jinsi binti huyu wa mkulima wa Minnesota alivyotoa maisha yake kwa ajili ya watu wa milimani. Kutoa, Verlyn. Kama mtu anayetoa sadaka kanisani. Akasema mama yake yuko nasi humu ndani, na watu wote wakainuka wakapiga makofi, na wengi wakajifuta macho, na huku bahasha za michango ziko karibu na sahani zao. Wanawake wawili kwenye meza yangu walinong'onezana kwamba kama mama wa watu ameweza kumtoa binti, wao wataona uchungu gani kutoa pesa.

Halafu Bwana Wadlow akaja kwenye meza yetu, taratibu, na fimbo yake, na mpiga picha nyuma yake. Amekuwa mzee mzuri, mweupe wa nywele, mwenye harufu ya sabuni ya gharama. Alimshika mama yako mkono akauweka katikati ya mikono yake.

"Bi Tveit," akasema, "nilimfahamu binti yako. Alikuwa nuru."

Mama akageuza uso upande wa sauti. "Wewe ndiye Wadlow?"

"Ndiye mimi, mama."

"Wale samaki," mama akasema, "mliwala?"

Mpiga picha hakusikia, akapiga picha. Ndiyo hiyo uliyoiona. Uso wa mama umeinuliwa kidogo, mdomo umefunguka, na wewe ukadhani anashukuru. Ukiitazama tena utaona kwamba yeye hatabasamu. Anayetabasamu ni mmoja tu.

Sikumwonea huruma Bwana Wadlow, ila nilimwona anatafuta neno. Kisha akasema, "Ni miaka mingi, Bi Tveit. Sikumbuki."

"Mimi nakumbuka," mama akasema, "na sikuwepo."

Maxine alifika hapo mbio, akasema mama amechoka, siku imekuwa ndefu, na akashika kiti cha magurudumu ili amtoe nje. Mama akamwambia hajamaliza viazi vyake. Alivimaliza vyote, polepole, watu wakimtazama, na Bwana Wadlow amesimama palepale kwa kuwa hakujua kama aende au aketi. Halafu mama akaniambia sasa nimpeleke nyumbani, kwa gari langu mimi.

Nilipomvua viatu ndipo aliponiambia kwamba alikwenda kusikia sauti ya Wadlow tu. Kwa miaka yote hiyo alikuwa na jina, hakuwa na sauti. Sasa amekuwa nayo, na akasema ni sauti ya kawaida kabisa, ungeweza kuuziwa nayo bima.

Wiki iliyofuata kamati ilikutana kuhusu vibao vya maelezo. Unajua watu wetu wa huku, hawagombani. Kila mmoja alinisifu kwanza. Mmoja akasema mimi ni dhamiri ya kamati, mwingine akaleta biskuti. Wendell Kropp, aliyejitolea Bolivia, mtu niliyemwuguza mkewe, akasema kwa upole kwamba makumbusho si mahakama. Nikasema sitaki hukumu, nataka kuandikwa gari lilikuwa wapi. Wakapiga kura. Mkono uliokuwa juu upande wangu ulikuwa wangu. Maxine aliinua wake upande wa pili bila kunitazama, na alipoushusha alianza kukusanya vikombe.

Nilijitoa hapohapo. Sijaonana naye tena ila kwa mbali, dukani, na kila mmoja akageukia rafu yake. Tulikuwa tukipigiana simu kila asubuhi kuulizana kama mwenzako ameamka.

Nikaenda kwa mama yako na karatasi ya kudai vitu vya Corinne virudishwe. Vilikuwa mali yake, sahihi yake ingetosha. Nilikwisha kupanga nitaviweka katika chumba changu cha wageni. Nilimsomea ile karatasi, nikamwekea kalamu mkononi. Akaiweka chini.

Nilikasirika, Verlyn. Nilimwambia mwenyewe kwamba wamemfanya bango la kuombea pesa, na anawaachia. Akaningojea nimalize.

"Nikivirudisha nitaviweka wapi, Arlys? Chini ya kitanda hiki?" akasema. "Kaburi lake sikuwahi kuliona. Mume wangu hakuliona. Mimi na wewe tukifa, nani atalitaja jina lake? Verlyn?"

Nakuandikia alivyosema, sikupunguza wala sikuongeza. Hana chuki na wewe, ila anajua unapiga simu Krismasi na siku yake ya kuzaliwa, na kwamba mara ya mwisho kuja ulikuja na tiketi ya kurudi kesho kutwa.

"Pale watu watapita," akasema. "Acha vikae pale watu wanapopita."

Nimeichana karatasi. Nilivyoona ni kwamba Wadlow alikuwa ameshinda mara ya pili, na safari hii kwa ridhaa ya mama mwenyewe. Bado kuna siku naona hivyo.

Makumbusho yalifunguliwa mwezi uliopita. Kulikuwa na hotuba na bendi, na mama hakutaka kwenda. Alisema atakwenda siku ambayo hakuna wa kumpigia makofi. Basi Jumamosi iliyopita nilimfunga mablanketi, nikampeleka.

Ni pazuri, siwezi kusema uongo. Wametengeneza ghala lile vizuri, taa laini, sakafu ya mbao. Niliona ngoma niliyoibeba mwenyewe mara zisizohesabika, imewekwa juu ya jukwaa kama malkia. Chumba cha mwisho, cha waliofia kazini, kina herufi za shaba juu ya mlango: Chumba cha Wadlow. Nilimwambia mama. Akasema tuingie tu, mlango ni mlango.

Kabati la Corinne liko kushoto. Buti zake wamezipiga rangi zikang'aa, yeye ambaye hakuwahi kuzipiga rangi. Shali imekunjwa vizuri. Nilisogeza kiti mpaka magoti ya mama yakagusa kioo, akaweka kiganja juu yake, akakaa hivyo. Kisha akaniambia nimsomee kibao.

Nikasoma. "Corinne Tveit, muuguzi. Aliwahudumia kwa furaha watu wa milima ya Nepal, ambako aliugua ghafla na kufariki mwaka 1968. Upendo wake unaendelea."

"Na la gari?" akauliza.

"La gari hawakuandika, Mama Mdogo."

Akafikiri kidogo. "Lisome hivyohivyo," akasema.

Sikumwelewa mara moja. Kisha nikaelewa kwamba anataka nilisome kana kwamba limeandikwa. Nimekuwa mwalimu miaka mingi, najua kusoma kwa sauti. Nikakitazama kibao kile na kusoma, kwa sauti ileile ya kwanza, kwamba gari la wagonjwa lilikuwa mtoni na mkurugenzi wa shirika, Prentiss Wadlow, aliyekuwa akivua samaki na wageni wake. Kwamba alipelekewa habari kwa baiskeli, akasema atakuja baadaye. Kwamba Corinne alimngoja kando ya barabara, karibu na hospitali, mpaka akafa, na kwamba samaki waliliwa.

Nyuma yetu walikuwa wamesimama mume na mke, watu wa makamo, na makoti yao mkononi. Yule mwanamke alisogea, akainama kwenye kioo, akaanza kufuatisha mistari kwa kidole. Alifika mwisho akaanza tena.

"Samahani," akasema, "hayo unayasoma wapi? Mimi siyaoni."

"Hata mimi siyaoni, mwanangu," mama akamjibu. "Soma tena, Arlys. Huyu hakusikia mwanzo."

Nikasoma tena, tangu jina lake.

Nisalimie wifi Jolene, mwambie mbegu za nyanya alizonitumia zilizaa vizuri. Kelsey na Anders wabusu kwa niaba yangu, na mjomba Orrin ukimpigia, mwambie mama anauliza kama bado anavuta sigara. Mungu akuponye mgongo, na akupe usingizi usiku utakaosoma haya, maana mimi nikiyaandika sikuupata.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa na hasira,

Arlys